Jirani wa Mama Muturi

Mama Muturi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa pale Maringo, alifunua kitambaa cha sare mpya mbele ya wenzake. Kilikuwa samawati nyepesi, cha kupendeza. Syombua alipokiona roho ilimruka. Tangu ajifungue kitinda mimba wake, akikohoa au akicheka sana, mkojo ulimtoka bila kuaga. Na yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo, na nyimbo zenyewe ni za kuruka! Kwa samawati ile, Jumapili moja tu ingetosha kumtangaza mtaa mzima.

Akasimama, akasema kwa sauti ya unyenyekevu kwamba nyeusi ndiyo rangi ya toba. Alijua watampinga. Lo, Mama Gachanja akadakia kuwa nyeusi haionyeshi vumbi. Mama Matheka akasema nyeusi humtuliza mwanamke. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa takatifu. Aliyeitetea samawati ni Wacera peke yake, bibi arusi ambaye hajazaa. Mama Muturi alikikunja kitambaa chake haraka, ungedhani alikuwa akiomba ashindwe.

Sare zilikuwa zimeshashonwa muuguzi alipoalikwa kuzungumza nao. Mama yule hakuwa na haya hata chembe. Aliwauliza ni nani kati yao hutokwa na mkojo akipiga chafya. Wote waliovaa nyeusi wakaanza kukagua mabati ya paa. Syombua alitamani kuinua mkono, ukamwia mzito. Basi muuguzi akawapongeza kwa afya njema, akahamia minyoo ya watoto.

Mkutano ulipokwisha, Syombua alimfuata nyuma ya kanisa. Akamkuta Mama Muturi ameshatangulia, ananong'ona habari za jirani yake fulani, maskini, anayesumbuliwa na jambo hilo.

"Huyo jirani amezaa wangapi?" muuguzi aliuliza.

"Sita," akajibu Mama Muturi, ambaye wanawe sita walikuwa wakimngoja langoni.

Muuguzi akamgeukia Syombua. "Na wewe, mama? Ni jirani pia?"

Syombua alikuwa ameshamtafutia jirani yake hata jina. Lakini alikuwa amechoka. Amechoka kufua kabla mumewe hajaamka, amechoka kuogopa mafua kama watu wanavyoogopa polisi.

"Hapana, sista. Ni mimi."

Muuguzi hakushangaa. Alimwambia ni misuli ya chini iliyolegea kwa uzazi, na kwamba inaweza kurudishiwa nguvu: aibane kama anayezuia mkojo, ashikilie kidogo, aachie, arudie kila siku. Syombua akajaribu palepale, machozi yakimlengalenga kwa nafuu ya kusikia kwamba kuna la kufanya.

Kando yake Mama Muturi alikuwa ameganda, midomo ameikaza, macho kayatoa.

"Mama, usizuie pumzi," muuguzi akamwambia.

"Napumua," akasema Mama Muturi. "Najifunza tu vizuri, nisije nikamharibu jirani."