Mahame ya Karima

Barua ilimfikia Mwalimu Wambeti Jumatatu asubuhi, akiwa sokoni Ishiara akinunua mtama wa uji wa sherehe. Aliisoma amesimama. Ilikuwa na mistari mitatu tu: maji ya bwawa yamepungua mno, matope ni hatari, kwa hivyo kisiwa cha Karima kimefungwa hadi mvua irudi. Chini kulikuwa na sahihi ya Marete, msimamizi mpya wa bwawa.

Wambeti aliikunja ile barua, akamwambia mwenye duka amwekee gunia lake, akaelekea ofisini kwa Marete bila hata kupita nyumbani kubadilisha viatu.

Karima haikuwa kisiwa tangu mwanzo. Ilikuwa kilima, na maboma ya watu yalikizunguka chini, thelathini na moja kwa hesabu ya wazee. Mwaka wa 1974 watu walihamishwa, mto ukazibwa, maji yakapanda yakameza mashamba na nyumba na makaburi, kikabaki kile kichwa cha kilima peke yake. Juu yake wajenzi wa bwawa walisimamisha mnara wa mawe wenye taa, ili mashua za kubeba saruji zisipotee kwenye ukungu. Aliyeiwasha ile taa ni Nyamu, baba yake Wambeti. Barabara ilipochongwa ng'ambo, mashua hazikuhitajika tena, taa ikazimwa, na mnara ukaachiwa popo.

Ni Wambeti aliyeurudisha kwa watu. Tangu 1996, kila Jumamosi ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, alikuwa akiwavusha watu kwa mashua. Kwaya ziliimba, wazazi walivutana kamba, asali na uji viliuzwa, na wale waliozaliwa Karima walipanda ngazi za mnara na kuwaonyesha watoto wao maji. "Kwetu ni huko chini," walisema. Zaidi ya hapo hawakuwa na cha kuonyesha.

Mwaka huu wa 2009 kulikuwa na cha kuonyesha. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili, maji yakashuka kuliko watu walivyowahi kuona, na nchi ya zamani ikajitokeza chini ya mnara.

Marete alikuwa mtu wa mbali, wa Kangeta, mrefu, mpole wa sauti. Bwawa alikuwa amelijua kwa miezi minne tu.

"Mwalimu, sipendi kufunga sherehe ya watu," alisema. "Lakini wiki iliyopita ng'ombe alizama pale, tukamwona akifa na hatukuweza kumfikia. Kutoka mahali mashua inasimama mpaka kisiwani ni hatua mia moja za matope. Nikiruhusu mtu mmoja azame, nitamwambia nini mama yake?"

"Unamjua nyanya yetu, Cucu Ciakuthii?"

"Hapana."

"Ana miaka tisini na kitu. Waliokuwa watu wazima Karima wakati ule wamekwisha wote, amebaki yeye. Ndiye peke yake anayejua boma lile lilikuwa la nani na lile la nani. Akisimama juu ya mnara mwaka huu, ataonyesha kwa kidole. Tutaandika. Watu watajua wazazi wao wamelala wapi." Wambeti aliegemea meza. "Mvua ikinyesha Oktoba, maji yatafunika. Na Cucu hatangoja ukame mwingine."

Marete alichungulia dirishani, kule bwawa lilikokuwa limebaki kama kovu.

"Nitengenezee njia," alisema mwishowe. "Ijumaa saa nane nitakuja kuipita mwenyewe. Nikifika kisiwani sijalowa juu ya viatu, tutaongea. Nikizama, barua inabaki vile ilivyo."

Siku hiyohiyo Wambeti alizunguka makanisa matatu na nyumba za watu wa Karima. Jumanne walikuja watu hamsini na wawili, na mwendeshaji wa mashua, Ireri, akawavusha makundi kwa makundi. Ireri alikuwa na miaka thelathini na saba. Mama yake alikuwa amezikwa Karima mwaka mmoja kabla ya maji kuja, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakuzungumza juu ya jambo hilo. Alibeba tu, kuliko mtu mwingine yeyote.

Walitandika mabua ya mtama, matita juu ya matita. Kufikia jioni njia ilikuwa imefika nusu, nayo ilipendeza. Asubuhi ya Jumatano hawakuikuta. Matope yalikuwa yameinywa yote usiku, yakaacha bua moja moja likichomoza.

Watu walitazamana. Mama mmoja aliguna, "Hii ni kazi ya kuchota maji na kikapu," akafunga leso yake akarudi kwenye mashua, na wengi wakamfuata. Walibaki tisa: Wambeti, Ireri na akina mama saba.

Wambeti aliingia mwenyewe kwenye matope kupima kina. Hatua ya nne akazama hadi mapajani, na kila alipovuta mguu mmoja wa pili ulizidi kwenda chini. Ireri alimtupia kamba, wakamvuta wote, akatoka bila viatu, ametapakaa matope hadi kidevuni. Alikaa juu ya jiwe akihema. Celina, mwenye kuongoza kwaya ya kanisa, alimletea maji.

"Mwalimu, tuache," alisema kwa upole. "Hakuna atakayekulaumu."

"Nilikosea mimi," Wambeti alijibu. "Mabua ni mepesi, yananyonya maji. Tungeanza na matawi, matawi mazito yenye kupishana kama kitanda. Halafu magunia ya mchanga juu. Halafu mbao." Alifuta uso. "Celina, kwaya yako ina watu wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Waambie mazoezi ya kesho ni hapa."

Alhamisi kwaya ilikuja, na wanakwaya wakaja na waume zao. Matawi yalikatwa kutoka mashamba ya watu walioruhusu kwa moyo. Mchanga ulichotwa mtoni na kujazwa kwenye magunia ya mbolea, na mbao zikaazimwa kwa fundi aliyekuwa akijenga darasa. Walipanga mkono kwa mkono, gunia likipita kutoka mtu hadi mtu, na aliyechoka alipumzika papo hapo bila kuambiwa mvivu. Mikono ya Wambeti, iliyozoea chaki miaka thelathini, ilichubuka ikatoka damu. Aliifunga vitambaa, akaendelea. Ijumaa saa sita mchana mbao ya mwisho iligusa jiwe la kisiwa.

Marete alifika saa nane kamili, amevaa viatu vya ngozi. Wambeti alivitazama vile viatu akaelewa kwamba alikuwa amevivaa makusudi. Alipita polepole, akiruka-ruka kidogo kila mahali kujaribu. Katikati, mbao moja ililalia upande na mguu wake ukateleza. Akina mama wote walishika vifua. Marete akajisawazisha, akachuchumaa, akalisukuma gunia lililolegea mpaka likakaa, akasimama tena juu yake. Likashika.

Alipofika kisiwani aliinua mguu, akakagua kiatu.

"Watu arobaini," alisema. "Kumi kwa wakati mmoja juu ya mbao. Watoto hapana."

"Bwana Marete, watu mia tatu wamealikwa."

"Arobaini, Mwalimu."

Wambeti alitaka kubishana, na maneno alikuwa nayo. Lakini aliiangalia ile njia, akamkumbuka ng'ombe. "Sawa," alisema. "Wengine wataimba kutoka ng'ambo."

Jumamosi Cucu Ciakuthii aliletwa na wajukuu kwa mashua ya Ireri hadi ukingoni mwa matope. Walikuwa wameandaa kiti cha kumbebea.

"Nimekufa?" aliuliza, akakisukuma kando.

Alipita zile mbao ameshikwa mkono na Ireri mbele na Wambeti nyuma. Ngazi za mnara zilikuwa thelathini na nane. Alipumzika mara sita, na kila mara mtu aliposema arudishwe alitangulia kunyanyua mguu. Ng'ambo kwaya iliimba, na sauti zilifika hafifu.

Juu, alishika ukuta akatazama chini. Alitazama sana. Wambeti alikuwa na karatasi kubwa ya kuchorea, penseli mkononi.

"Sioni kitu," Cucu alisema. "Ni matope tu. Hapa si kwetu."

Wambeti aliwaza siku zote zile, magunia yote yale. Kisha akauliza kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyekwama. "Cucu, ulipokwenda kuteka maji asubuhi, jua lilikuwa upande gani?"

"Usoni. Na Kiang'ombe mkono wa kushoto."

"Basi tugeuke."

Walimgeuza taratibu hadi kilima cha Kiang'ombe kikawa kushotoni kwake. Cucu alikaza macho. Kidole kikainuka, kikatulia.

"Yale mawe mawili ni kivuko. Tulifulia hapo. Juu yake ni kwa Njura. Halafu kwa Mwaniki, yule wa mbuzi wengi. Andika, mwari, binti wa Nyamu, unangoja nini?"

Wambeti aliandika. Majina yalimtoka Cucu bila kusita, boma baada ya boma, na kila jina lilipotajwa kulikuwa na mtu mle mnarani au kwenye ngazi aliyelia kwa kwikwi au kusema "Ndiyo." Walipofika la ishirini na tatu, Ireri alisogea.

"Cucu, na kwa mama yangu, Karambu?"

"Pale, kwenye jiko la mawe matatu. Unaliona?"

"Naliona. Na kaburi?"

Cucu alimshika mkono. "Siku hiyo nilikuwa nimeenda Embu, mwanangu. Sikumzika. Siwezi kukudanganya kwamba ni hapa au pale. Nyumba ndiyo ninayoijua."

Ireri aliitikia kwa kichwa. Kisha alishuka ngazi. Marete, aliyekuwa chini akihesabu watu, alimwona akikanyaga matope kuelekea lile jiko, akamwita kwa nguvu. Ireri hakugeuka. Marete alichukua mbao mbili, akamfuata, akimtandikia moja na kuhamisha nyingine, hadi wakafika wote wawili. Ireri alipiga magoti akaosha mawe yale matatu kwa mikono yake, moja baada ya jingine. Marete alisimama nyuma yake ameshika kofia, viatu vya ngozi vimepotea ndani ya matope.

Jumamosi tatu zilizofuata waliendelea, arobaini kwa arobaini, mpaka maboma yote thelathini na moja yakawa kwenye karatasi. Oktoba mvua ilinyesha, na kufikia Krismasi njia ile ilikuwa chini ya maji.

Agosti iliyofuata watu walikuja zaidi ya mia nne, na barua ya kuwaruhusu ilikuwa imeandikwa na Marete kabla hajaombwa. Ramani ilitundikwa ndani ya mnara, ndani ya kioo. Cucu Ciakuthii aliletwa kuizindua. Alisomewa jina moja moja na mahali pake, akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa Njura umeandika Mwaniki, na kwa Mwaniki umeandika Njura," alisema. "Na mtaro wa Gatumo hauko. Toa hicho kioo."

Wambeti akaitisha bisibisi.