Ufunguo wa Marehemu

Jumatatu, tarehe kumi na tatu Aprili, mke wangu akiwa na miezi minane kaburini, wakubwa wa ofisi yake walimfanya mwizi.

Binti yetu alirudi kutoka shule macho mekundu. "Baba, wanasema mama ameuza siri za wagonjwa."

Nikadhani ni utani wa watoto. Kumbe kuna watu wasiojulikana walioingia kwenye mfumo wa kompyuta wa zahanati, ambao ofisi ya mke wangu ndiyo iliyoutunza, wakachota majina ya wagonjwa na maradhi yao, wakayamwaga mtandaoni. Mkuu wa ofisi akaona njia rahisi ni kuwaambia watu wa redio kwamba mlango ulifunguliwa kwa ufunguo wa marehemu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, shule niliiacha darasa la nne. Ufunguo wao si wa chuma. Mke wangu alinieleza jikoni: ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu, programu moja inauonyesha kwa nyingine ili ifunguliwe. Anayeutengeneza, jina lake hubaki nao. Wa kwake ulifungua kila kitu, maana mkuu hakutaka kila kazi iwe na ufunguo wake, usumbufu, alisema. Tena akaubandika juu kabisa ya kundi la wafanyakazi la kutumiana ujumbe kwenye simu, asije akaulizwa-ulizwa.

"Nikimwambia ni hatari," mke wangu alikuwa akisema, "ananiita mama woga."

Alipolazwa, mpira wa oksijeni puani, aliwapigia: ufuteni wangu, tengenezeni mwingine. Simu nilimshikia mimi.

Basi kesho yake nikaenda ofisini na aproni yangu ya kazi, imejaa matundu ya cheche. Mkuu alikuwa amewakusanya wafanyakazi.

"Pole, mzee wangu. Lakini kompyuta haisemi uongo. Jina ni la mkeo."

"Hiyo kompyuta inajua kama mtu ameshazikwa?"

Mmoja akacheka, akajitia kukohoa.

"Haya ni mambo ya kitaalamu, mzee. Utaumiza kichwa bure."

"Kilishauma. Nataka useme mbele ya hawa, na redioni, kwamba si yeye. Mwanangu hataki tena kwenda shule."

Akatazama saa. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo walivyozoea.

Ndipo akainuka yule wanayemwita Sindano, msichana mwembamba aliyekaa meza moja na mke wangu.

"Shemeji, dada aliomba ufutwe. Tukatengeneza mpya, wa zamani tukauacha hai. Hatukujua ni zahanati zipi zinautegemea. Tungeuzima, huenda zote zingesimama. Mkuu akasema tuuache kwanza."

"Kaa chini wewe!"

"Nimekaa vya kutosha, mkuu."

"Nani kakuruhusu kuongea mambo ya ofisi mbele ya wageni?"

Mgeni! Mimi niliyemzika mtu wao, na wao wakaja kula msibani wakaondoka na ufunguo wake mfukoni.

Sikupiga kelele. Niliwatazama mmoja mmoja, wenye tai na wasio na tai, nikauliza swali ambalo hadi leo, binti yangu akiwa bado amejifungia chumbani, ninaendelea kuliuliza: mke wangu akiwa ardhini, ni nani kati yenu aliyekuwa akiingia kila asubuhi kwa jina lake?