Mzee Hapendi Taa Usoni

Dada alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, bisibisi nimeiuma kwa meno.

"Njoo haraka. Mzee hali."

Baba yetu tulimzika mwaka jana. Mzee asiyekula ni mjusi wake, mwenye ndevu za miiba, ambaye Baba alimnunua dukani akamlea kwenye tangi la kioo sebuleni. Baba alipoondoka, Mama alimpa mjusi cheo chake cha Mzee. Hilo ningelivumilia. Balaa ni kwamba Mama, tangu aolewe, hajawahi kutia tonge mdomoni kabla ya mwenye nyumba. Sasa mjusi amegoma kula, na Mama naye amegoma kwa heshima.

Nilikuta nyumba nzima inanong'ona. Televisheni imezimwa sauti. Mama amekaa kando ya tangi, mashavu yamebonyea, gauni limempwaya. Niliogopa kweli.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Na mwenzangu hujamwona?"

Nikameza hasira. "Shikamoo, Mzee."

Mzee hakuitikia. Pua tu ndiyo ilionekana; mwili wote ulikuwa chini ya sweta la Baba. Nilimgusa, wa baridi kama kijiko. Taa alizofunga Baba zilikuwa zimechomolewa na kuwekwa kando, nyaya zimeviringwa vizuri.

"Nani amechomoa taa?"

"Mimi," Mama akasema. "Baba yako hapendi taa usoni, unamjua. Baridi ilipomshika nikamfunika."

"Mama, sweta halileti joto, linatunza la mwenye mwili. Huyu hana lake hata chembe. Asipoota, chakula hakisagiki tumboni. Ndiyo maana hali."

"Mbona mchana tunamsogeza dirishani apate jua?" Dada akadakia.

"Kioo kinazuia miale inayojenga mifupa yake."

"Basi tumpe maziwa."

"Dada, nyamaza."

Nikafunga balbu ya joto upande mmoja, juu ya jiwe, nikaizungushia wavu asijiunguze. Taa ndefu ya miale nikaipitisha juu ya tangi, nikabandika kipimajoto kila upande. Nikawasha, nikageuka kuchukua koleo. Kurudi, Mama kaivisha balbu kofia ya Baba, na kofia inafuka moshi.

"Mama!"

"Inamuumiza macho!"

Niliipigapiga kofia mpaka ikazimika. Nilitaka kupiga kelele, nikaona Mama ameshika ukingo wa tangi asianguke kwa njaa, hasira yote ikaniishia. Nikazima taa, nikakaa sakafuni mbele yake.

"Sikiliza, Mama. Moto nimeuweka upande huu tu. Upande ule ni baridi. Akichoka anahama mwenyewe. Usiku tunazima. Hakuna anayemlazimisha."

Mama akafikiri. "Kama alivyokuwa akihamahama viti humu ndani."

"Hivyohivyo."

"Basi washa. Lakini muombe radhi kwanza."

Mimi, fundi umeme mwenye wateja na heshima zangu, nikamwomba radhi mjusi kwa kummulika. Nikawasha.

Tukasubiri. Dada alitukataza hata kukohoa. Hatimaye sweta likatikisika. Mzee akatoka, akajikokota hadi kwenye jiwe, akalala bapa kama soli ya kiatu. Ndevu zikavimba, zikaanza kuwa nyeusi.

"Amepaka rangi," Mama akanong'ona. Baba naye alikuwa akipaka, na alikana mpaka mwisho.

Dada akafungua kopo la panzi, akaangusha mmoja tangini. Mzee akamtazama panzi, akatutazama sisi, kisha ulimi ukatoka na panzi hayupo.

Mama akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani imejaa. Nikashusha pumzi. Lakini alisita, tonge mkononi.

"Mnaniona nimechanganyikiwa," alisema. "Najua ni mjusi. Kula peke yangu ndiyo siwezi."

Nilikuwa nimeshiba. Nikaenda kunawa, nikapakua. Dada naye akavuta kiti. Tulikula pamoja. Ndani ya tangi Mzee alikuwa na panzi wa pili, anatafuna mdomo wazi, mguu wa panzi unaning'inia ndevuni.

"Angalau Baba hakuwa anakula hivi," nikasema.

"Alikuwa anakula hivyohivyo," Mama akasema, mdomo umejaa. "Miaka yote nilikuwa namfuta ndevu."

Akatafuta kitambaa, akainuka kwenda kumfuta.