Mtikisiko wa Kina Kifupi

Mwinshehe alirudi Bagamoyo mwaka 1972 baada ya kusomea uundaji wa meli huko Polandi, akapewa kazi kwenye karakana iliyohudumia meli ndogo ya chuma ya abiria wa Dar es Salaam. Nahodha wa meli hiyo, Kibwana, alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake Ashura.

Meli ilipofungwa injini mpya, Mwinshehe alikaa akapiga mahesabu. Kila meli ina kasi yake ya asili ya kutikisika. Injini ikizunguka kwa mwendo unaolingana nayo, mtikisiko huzidi na kuzidi mpaka chuma kichoke. Kwenye kina kirefu hapakuwa na shaka. Lakini karibu na Bagamoyo, ambako chini hapako mbali, maji yanayosukumwa na tumbo la meli huwa kama mzigo wa ziada, na kasi ya mtikisiko wa meli ingeshuka mpaka ikutane na ile ya injini.

"Tuipandishe nchi kavu, tuiongezee mbavu za chuma," alimwambia meneja.

"Na abiria wabebwe na nani? Wewe mgongoni?"

Akamwendea Kibwana. "Shemeji, ukikaribia huku, punguza mwendo. Niahidi."

"Nimekuahidi."

Kibwana alilishika neno lake kwa miezi, hadi adhuhuri moja maji yalipokuwa yakitoka upesi. Angechelewa, meli ingekwama mchangani na watu wote. Akaongeza mwendo.

Mwinshehe, aliyekuwa ufukweni, alisikia mngurumo ukibadilika, mabati yakilia. Akajitosa majini na nguo zake, akipunga mikono.

"Punguza! Kibwana, punguza!"

Nani wa kumsikia? Mshono wa chuma ukachoka, ukapasuka, meli ikalala ubavu. Wavuvi waliokoa abiria wote. Kibwana alishuka chumba cha injini kumtoa fundi, na wote wawili hawakupanda tena.

Wakubwa walikuja kuchunguza, wakayapitia mahesabu, wakampa Mwinshehe mkono: hakukosea hata kidogo. Akatoka pale, akaenda kwa Ashura, aliyekuwa amekaa eda.

"Ulijua?" Ashura akamwuliza.

"Nilijua."

"Ukajua, na kila asubuhi ukamwona anapanda?"

Mwinshehe alitaka kumweleza habari ya meneja, na ya ahadi. Ashura akamkatiza.

"Mimi mbona hukuniambia? Ningemng'ang'ania miguu."

Hilo hakuwa amelifikiria kabisa. Ashura akajifunika kanga, akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hakumwita tena kaka.