Foronya Isiyomaliza Kusema

Usiku wa jana niliota nimeitwa ndani ya sanduku la mke wangu, kujibu mashtaka ya foronya.

Kabla sijaenda mbali niseme kweli: mashtaka yenyewe yalikuwa ya haki. Tangu nistaafu kazi ya kusoma mita za maji nilikuwa nashinda jikoni nikifunua masufuria, hadi mke wangu, Mama Saumu, akachoka. Akanipa sindano na mfuko wa viraka. "Shika hii, Baba Saumu, uniachie jiko langu." Fundi Kipanga, jirani yetu, akanipa kanuni zake: acha nafasi ya mshono, vidole viwili, piga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikiza, shona kwa ndani, bakiza tundu, kisha geuza. Nikashona kishikio cha sufuria, kikatoka na pembe tano. Nikakata mguu wa suruali yangu ya kazi, ukawa mfuko wa vitunguu. Nikajiona fundi.

Juzi nikashona foronya ya mjukuu, maana binti yetu Saumu alikuwa anakuja na mtoto wake wa kwanza. Nikatafuta kitambaa laini kuliko vyote humu ndani, nikakikuta chini kabisa ya sanduku: kanga iliyopauka. Nikaikata, na mkasi ukapita katikati ya maandishi. Nusu ikawa foronya, nusu nikaitupa kwenye viraka.

Jana jioni mke wangu akaniambia kwa furaha, "Kesho Saumu akifika nampa mbeleko ya mama. Ile niliyombebea yeye." Mama yake ana miaka sita kaburini, na tangu azikwe mke wangu hana usingizi wa maana. Ndiyo ile kanga niliyoikata. Niliisukuma foronya chini ya godoro, upande wangu, nikalala juu ya kosa langu.

Basi. Ndani ya sanduku kuna foleni. Mbele yangu imesimama suruali yangu, kwa mguu mmoja.

"Hujambo?" nauliza.

"Sijambo. Ila mguu wangu mmoja unanuka vitunguu."

"Si uko jikoni?"

"Uko jikoni. Harufu naisikia mimi."

Nikaipa pole. Karani alikuwa kishikio cha sufuria, akiandika kwa ile pembe ya tano. Akainua uso. "Rudini nyuma vidole viwili."

"Kuna nini?"

"Nafasi ya mshono."

Foleni nzima ikarudi nyuma vidole viwili. Ukuta nao ukarudi. Benchi likarudi pia, na dera moja kuukuu lililokuwa limekaa ukingoni likaanguka, likaomba radhi.

Foronya ikaletwa, ikawekwa juu ya kitanda kilichokuwa mbele ya foleni. "Lala mwanangu," ikasema. Tukangoja. "Lala mwanangu," ikasema tena, ikatutazama kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Hakuna aliyelala.

Kando ya kitanda ameketi mama mkwe wangu. Upande wa kulia yupo. Upande wa kushoto ni ukuta tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hebu niambie, mimi nipo?"

Nikamtazama kwa heshima, yaani nikatazama chini, kwenye miguu yake. Ulikuwepo mmoja. "Nusu, mama."

"Ndiyo maana. Tangu nife nakesha kwa ajili ya mwanangu. Kazi yangu ilikuwa imeandikwa, kila mtu aliisoma. Juzi natazama, maandishi hayapo. Sasa sijui niendelee kukesha au niende zangu."

"Usiende, mama."

"Basi kayalete."

Nilimpenda sana yule mama. Siku ya posa ukoo wake wote ulivicheka viatu vyangu, yeye peke yake hakucheka. Nikaingiza kichwa kwenye mfuko wa viraka.

Humo ndani ni ofisi yetu ya zamani ya maji, na viraka vimekalia viti vya wenzangu. Kwenye meza yangu kuna kipande cha kanga kinasoma mita. Kifuani kimeandikwa MAMA YUPO MACHO.

"Twende," nakiambia.

"Nani kakutuma?"

"Mama."

"Kwani yupo?"

"Hilo tunakungojea wewe utuambie."

Kikafunga daftari, kikanifuata.

Sindano ilikuwa inatungoja sandukuni imekunja uso. "Uzi uko wapi?" Nikaionyesha uzi wa dukani, ikaukataa. "Huu haushoni maneno. Toa wa kwako."

Wa kwangu ulikuwa mmoja tu, ule wa kijani alioshonea Fundi Kipanga msuli niliovaa. Nikasita. Kufumua msuli mbele ya mama mkwe ni jambo ambalo mtu hawezi kulieleza kwa wazee wake.

"Nitafumba jicho," akasema, maana alikuwa nalo moja.

Nikauvuta. Nikapiga bandi, nikashona huku mkono mmoja umeshika msuli. Mshono ukaenda upogo kama kawaida yangu, lakini ukafika.

"Lala mwanangu," ikasema foronya, "mama yupo macho."

Suruali ikasinzia palepale kwa mguu wake mmoja. Upande wa kushoto wa mama mkwe ukaja, ukakaa mahali pake, akajinyoosha.

"Bado," akasema. "Kilichoshonwa kwa ndani hugeuzwa."

"Foronya?"

"Wewe."

Karani na sindano wakanishika miguu, wakanigeuza. Haikuuma. Ya ndani yakawa nje, na kifuani pangu kukasomeka kwa herufi kubwa: NIMEIKATA MBELEKO YA MAMA YAKO.

"Haya, pita," akasema, akanionyesha tundu dogo lililobakizwa la kugeuzia. Nikapita, kichwa kwanza.

Upande wa pili ni asubuhi. Mke wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, foronya mapajani, macho mekundu.

"Mama Saumu," nikasema kabla woga haujanirudia, "nimeikata mbeleko ya mama yako."

"Nimeona. Nimeikuta nikichomekea shuka. Nimelia mpaka nikachoka." Akaigeuza foronya. "Halafu nikasoma."

Maandishi yalikuwa kamili. LALA MWANANGU MAMA YUPO MACHO, na katikati yake mshono uliokwenda upogo.

"Umeyaunga saa ngapi?"

"Sijayaunga."

"Mtaa huu nani mwingine anashona vibaya hivi?"

Nikainuka ninywe maji, msuli ukanifumukia shibiri nzima. Uzi hakuna. Mke wangu akautazama msuli, akautazama ule mshono wa foronya. Ulikuwa wa kijani.

Akauvisha mto wake ile foronya. "Mjukuu atanisubiri kidogo," akasema, akaegemeza kichwa.

Nikakaa kando yake na sindano, nikiushona msuli. Saa nne Saumu akabisha hodi, mtoto mgongoni. Nikamfungulia mlango kidole kikiwa mdomoni.

"Polepole, mwanangu. Mama yako amelala."