Ghala Lililopiga Chafya

Mwaka 1957 karani wa sensa, Mkurya mwenzetu, alifika Susuni kuhesabu watu. Bibi yangu Mokami alimshuku tangu akiwa mbali, maana kwetu mtoto akihesabiwa kifo husikia. Akatusukumia wajukuu wote ndani ya ghala la mtama.

“Shikamoo, bibi. Mnaishi wangapi hapa?”

“Marahaba. Mimi na kuku wangu.”

Ghala likapiga chafya mara tisa.

“Bibi, mtama wako una mafua?”

“Una vumbi. Hebu niambie, mwanangu, mama yako amezaa wangapi?”

Karani alifungua mdomo, akawakumbuka wadogo zake, akaufunga haraka. Akalitazama ghala, akaandika: mtu mmoja, kuku wengi.

Ndiyo maana kitabuni mwa serikali, Susuni ilikuwa na kuku wengi kuliko watu.