Breki ya Mbele

Hakuna mtu aliyezitukana baiskeli za umeme kama Mwewe. Aliziita pikipiki zilizokosa ujasiri. Aliziita viti vya wagonjwa vyenye mapembe. Mteja akiingia karakana na kuulizia tu, Mwewe angenyanyua macho kutoka kwenye gurudumu alilokuwa akilinyoosha na kumwuliza, kwa upole wa uongo, kama miguu imemsaliti mapema hivyo. Kwa hiyo asubuhi ile, shemeji yake alipoitoa ya kwanza kwenye boksi na kuuliza nani ataijaribu mteremkoni, na Mwewe akasema "mimi" kabla wengine hawajavuta pumzi, watu walitazamana. Kisha wakacheka. Walidhani anataka kuizika kwa mikono yake mwenyewe.

Laiti wangejua. Alikuwa ameisubiri baiskeli ile kama mgonjwa anavyosubiri dawa iliyo njiani.

Karakana ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Ilisimama juu ya kilima, mwisho wa barabara, na nyuma yake njia ya baiskeli iliteremka katikati ya miti na mawe hadi kwenye daraja dogo la mbao. Kazi yao ilikuwa kujaribu. Duka au klabu ikitaka kununua baiskeli za milimani, huleta moja kwanza, nao huiteremsha kwenye njia ile mpaka iseme kila kilichomo ndani yake. Mwewe ndiye aliyekuwa mkuu wa wajaribu. Jina alilipata enzi za mashindano, kwa jinsi alivyokuwa akiushukia mlima kama ndege aliyeona kifaranga, na halikumbanduka tena. Hata mkewe alimwita hivyo, isipokuwa akiwa amekasirika.

Lakini misimu miwili ya mvua iliyopita alianguka vibaya akatua kwa shingo. Alilala hospitali, akatoka, watu wakampongeza, yakaisha. Kumbe hayakuisha. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi, kimoja kimoja, taratibu, kama taa za nyumba ambayo wenyewe wanakwenda kulala. Havikuuma. Afadhali vingeuma. Vikombe vya chai vilianza kumponyoka. Alipovunja cha nne, mkewe alirudi kutoka dukani na vikombe vya plastiki, akasema amevipendea rangi. Rangi yenyewe ilikuwa ya kutapisha. Mwewe akanywa chai yake kimya, naye mkewe akajitia hamnazo, na tangu siku hiyo kitu kile kiliishi nao nyumbani kama mgeni asiyesemwa.

Daktari alimwambia mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Kilichokwenda hakitarudi, alisema, na kilichobaki hawezi kukitolea ahadi. Mwewe hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, anajua kila mtu, lakini msemo huo hutamkwa na wazima.

Badala yake alijitafutia sababu. Kosa ni kupanda, alijiambia. Mtu anaposukuma baiskeli kilimani anaukaba usukani kwa nguvu zake zote, na akifika juu mkono umeshakwisha kazi. Angepatikana wa kumpandisha, mkono ungefika kileleni ukiwa na nguvu zake, na kuteremka kungekuwa kama zamani. Hapo ndipo zile pikipiki zilizokosa ujasiri zilipoanza kumjia ndotoni. Baiskeli ile ikiufaa mteremko, Mwewe angebaki kuwa Mwewe. Isipoufaa, hakujua ataitwa nani.

Basi aliikagua kwa heshima ambayo wenzake waliiona ya kejeli. Aliinyanyua: uzito wa nusu mfuko wa saruji. Mota ilikaa kati ya pedali, betri ilifichwa ndani ya tumbo la fremu. Alizikandamiza springi za mbele na za nyuma, akasikia zinavyopumua. Alipima upepo wa tairi kwa kidole gumba cha kushoto, maana cha kulia kilikuwa kimeshastaafu, na cha kushoto kikamjibu vizuri kabisa: ngumu kidogo, apunguze. Karibu na mshiko wa kushoto palikuwa na kitufe. Ukikibonyeza na kukishikilia, baiskeli inatembea yenyewe kando yako kwa mwendo wa mtu, ukikiachia, inasimama. Mwewe alicheka kwa sauti. Alisema hajapata kuona baiskeli inayoshikwa mkono kama mtoto anayepelekwa shule.

Bintiye hakucheka. Alikuwa mjaribu naye, wa pili baada ya baba, na alipanda kwa namna ya baba mtu ila kwa akili zaidi. Ulimi wake ulikuwa mkali. Mwaka mmoja nyuma Mwewe alimpa baiskeli ambayo nati moja ya usukani haikukazwa sawasawa, na binti alipogundua akiwa katikati ya mawe, alirudi akamkaripia baba yake mbele ya wateja mpaka wateja wakatoka nje kwa adabu. Mwewe alijivunia ukali ule. Mjaribu asiyekasirika, alipenda kusema, atazikwa mapema. Sasa binti alimwambia tu kwamba atateremka kwa miguu amsubiri chini, darajani.

Mwewe alianza kwa kushuka nayo barabarani kisha kuipandisha, mzunguko mfupi wa kupasha mwili moto. Mota iliimba kwa chini, kama feni ya chumba cha pili. Kilima ambacho kwa miaka kilikuwa kikimtoa jasho la kwapani kilipita chini yake kama sakafu. Mkono wa kulia ulikaa juu ya usukani bila kukaba kitu. Alifika kileleni akaukunja, akaukunjua, na akaapa kwamba vidole vimemsikia. Alikaribia kulia kwa furaha, mtu mzima na kofia yake ngumu kichwani.

Kisha akateremka.

Na baiskeli ilikuwa nzuri, tusiifiche haki yake. Uzito ule alioucheka ulikaa chini, karibu na ardhi, na mawe ambayo huirusha baiskeli nyepesi kama chapati yalipita chini ya hii yakinung'unika tu. Mizizi ilimezwa na springi. Aligundua kwamba ukiacha kukanyaga, mota huendelea kusukuma kidogo kabla ya kutii, akaliweka hilo akilini kwa ajili ya kulisema. Aligundua pia kwamba kitu kizito namna ile hakisimami kwa kubembelezwa. Kinataka breki, na kinaitaka mapema. Alikuwa akifikiri kama mjaribu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na alikuwa na furaha, na hapo ndipo kona ya jiwe kubwa ilipomfikia.

Alibana breki ya mbele, ya mkono wa kulia. Haikukamata. Alikuwa na hakika ameibana. Ilikamata baadaye, ghafla, wakati kona imeshapita na yeye yumo vichakani, kisha akawa chini, na gurudumu la nyuma linazunguka juu ya kichwa chake.

Hakuumia. Alilala pale akihesabu viungo vyake, na kitu kilichomjia moyoni kilikuwa nafuu. Breki mbovu! Kasoro ya kiwandani, inarekebishika, wabadilishe mafuta yake au waibadilishe yote. Aliinuka akajikung'uta, akateremka polepole kwa breki ya nyuma hadi darajani, akamwambia bintiye kwamba baiskeli ni nzuri mno ila breki ya mbele inachelewa.

Binti alimtazama majani yaliyokwama begani, akauliza inachelewa vipi. Mwewe akamweleza. Akaeleza vizuri sana, kwa maneno ya kazi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini.

Sasa, karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata shemeji mwenyewe hakuthubutu kuivunja, na aliyeitunga ni Mwewe. Baiskeli haihukumiwi na mpandaji mmoja. Anayesema ameona kasoro, mwingine lazima apande baiskeli ileile, njia ileile, siku ileile. Wa pili asipoiona, kasoro ni ya mpandaji, na mpandaji huyo hapandi tena. Palikuwa na mwenzao mmoja waliyemwita Kijiti, mtu mwembamba, mwaminifu, ambaye siku moja alilalamika kwamba springi ya nyuma inampiga teke. Mwewe akapanda wa pili, akarudi, akatangaza mbele ya wote kwamba kasoro haiko chini ya kiti, iko juu ya kiti. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kijiti naye alicheka, akakunja ovaroli yake vizuri, akaiacha juu ya meza. Siku hizi anauza magodoro.

Kwa hiyo binti alichukua baiskeli akapanda nayo, mota ikimsukuma barabarani, kwenda kumwambia mama mdogo kileleni na kuteremka wa pili. Mwewe akapanda kwa miguu hadi kwenye jiwe, akasimama pembeni. Alitaka kuiona breki ikichelewa kwa macho yake. Alimwomba Mungu ichelewe, kisha akakumbuka kwamba aliye juu yake ni mwanawe, akaiondoa ile dua haraka, kisha akairudisha kidogo.

Alimsikia kabla ya kumwona. Mawe yalinguruma, matawi yakakwaruza, halafu binti akatokea juu ya kona akija kwa kasi. Na pale pale palipostahili, breki ya mbele ilikamata. Alisikia diski ikilia, fupi na safi. Aliona pua ya baiskeli ikiinama, tairi ikiuma udongo, mwili wa bintiye ukilala ndani ya kona, ukatoka upande wa pili. Haikuchelewa hata kwa ukope.

Binti alikwenda kusimama mbele kidogo, akavua kofia, akarudi akiisukuma baiskeli taratibu. Hakumtazama usoni.

"Ni kweli, baba," alisema. "Inachelewa."

Alisema kwa upole. Akanyoosha mkono akamwondolea jani begani, na Mwewe akasimama pale akiondolewa jani kama mtoto.

Yule binti, kama breki ingekuwa mbovu, angemrarua. Angemwuliza ni baba gani anayejua breki haishiki na anamwacha mwanawe aipande. Msitu mzima ungesikia. Mwewe aliusubiri ukali ule, aliutamani kama maji, lakini haukuja. Upole ule ndio uliompa hukumu yake. Na aliona jambo jingine ndani yake, lililomkata maini zaidi: haukuwa upole wa leo. Ulikuwa umezoeleka. Binti na mama yake walikuwa wameshakaa jikoni, siku moja au nyingi, wakazungumza habari za vikombe.

"Mwambie mama yako mdogo breki ni nzima," alisema.

"Baba, mimi nimeisikia..."

"Hukuisikia. Nilikuwa hapa."

Machozi yalikuwa yamemjaa binti, na Mwewe akaona vibaya kumtazama akiyazuia, kwa hiyo akashika usukani akasema twende. Alisema baiskeli imefaulu. Alisema waiandikie sifa zake zote: inakaa njiani, inameza mawe, breki zake za kuaminika, mota inasukuma kidogo baada ya kuachwa, mpandaji azoee. Alilisema lote hilo kwa sauti ya kazini, akitembea mbele, ili asigeuke. Wahenga wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema lolote juu ya kuvunjika kwa mhunzi. Alimfikiria Kijiti na magodoro yake. Alifikiria ovaroli inavyokunjwa, mikono kwanza, halafu kiuno, na akajiuliza kama kwa mkono mmoja itakunjika.

Bado ana mkono mmoja, alijiambia. Hilo alilishikilia. Wa kushoto unaweza kukaza nati. Unaweza kunyoosha gurudumu, kufundisha wengine, kumpa mtu kikombe. Watu wanaishi na mkono mmoja.

Mwinuko wa njia ulianza kuwa mkali. Bintiye alitaka kumpokea baiskeli, akakataa. Alisema iko na kitufe chake, acha impeleke shule, na binti akajitahidi kucheka. Mwewe akaweka kidole gumba cha kushoto juu ya kitufe, mota ikaamka, baiskeli ikaanza kutembea kando yake kwa utiifu.

Baada ya hatua chache ikasimama.

Akabonyeza tena. Ikaenda, ikasimama. Akasema hiyo nayo iandikwe, kitufe kina hitilafu, kinajiachia. Binti akadhani labda betri imekwisha, akainama kutazama taa zake. Zaidi ya nusu zilikuwa zinawaka.

"Betri ipo, baba."

Mwewe akatazama mkono wake. Kidole gumba cha kushoto, kilekile kilichopima tairi asubuhi, kilikuwa kimelala juu ya kitufe bila kukibonyeza. Alikuwa tayari kula kiapo kwamba anakibonyeza. Alikitazama kwa muda, akakiamuru kwa moyo wake wote, na hakujua kama kimetii mpaka alipoona baiskeli haijasogea.

Bintiye naye alikuwa anatazama palepale. Juu kileleni shemeji alisikika akiwaita, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, akiuliza baiskeli inafaa au haifai.

"Bonyeza wewe," Mwewe alimwambia mwanawe.

Binti akapitisha mkono wake juu ya mkono wa baba, akaweka kidole chake juu ya kidole chake, akavibonyeza vyote viwili pamoja. Mota ikaanza kuimba, na baiskeli ikapanda kilima bila taabu yoyote.